Gia Ngumu ya Pikipiki: Tuanzie Kwenye Klachi

Ndugu zangu waendesha bodaboda, nimeombwa nizungumzie gia ngumu, nami nitasema mapema ninaloliamini: katika pikipiki tunazobebea abiria, kama Boxer na TVS, ugumu huo mara nyingi huanzia kwenye klachi wala si ndani ya giaboksi, kwa hiyo mwenye chombo asikubali injini ipasuliwe kabla hajafanya jaribio moja nyumbani kwake.

Zima injini, simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, kisha ubadilishe gia huku ukilizungusha gurudumu la nyuma taratibu. Ni lazima lizunguke, kwa sababu meno ya gia hushikana wakati wote, na kinachoingia na kutoka ni vidole vya ubavuni mwa gia, ambavyo visipolengana na nafasi zake hugoma hata katika pikipiki mpya. Gia zikiingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa, zikagoma inaponguruma, basi klachi haiachii: pleti zake, yaani visahani vinavyobanana na kuachana ndani yake, zinaendelea kuburuzana ingawa umeivuta hadi mwisho. Ndiyo maana frii, yaani hali ya kutokuwa kwenye gia yoyote, hukataa kupatikana ukisimama kwenye taa, na chombo hutaka kusogea ungali umeshika klachi.

Tazama waya kwanza. Vitabu vingi vya watengenezaji hutaka mkono wa klachi uwe na mchezo, yaani mwendo wa bure kabla waya haujaanza kuvuta, wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha yake. Mchezo ukizidi, pleti hazitenganishwi vya kutosha. Ukikosekana kabisa, klachi huteleza na pleti huungua, na hili ndilo ninalolihofia zaidi, kwa kuwa mtu hukaza waya akifurahia wepesi wa gia bila kujua anachokiunguza. Ukimaliza kurekebisha, pinda usukani kushoto na kulia, uhakikishe mchezo haubadiliki. Waya uliokatika nyuzi ubadilishwe.

Oili nayo ikaguliwe, kwani ndiyo hiyo hiyo inayohudumia injini, klachi na giaboksi. Chagua yenye alama ya JASO MA, yaani oili inayofaa klachi ya pikipiki inayolowa ndani ya oili, na uzito uliotajwa na mtengenezaji.

Gia zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, kagua pedali, kwa maana pikipiki ikianguka shafti yake hupinda. Yote hayo yakiwa sawa, ndipo kava ya klachi ifunguliwe, nawe umtake fundi akuonyeshe pleti zilizopinda, au kingo za nyumba ya klachi (kikombe kinachobeba pleti) zilizolika vijishimo, kabla hujanunua kifaa chochote.