Chembe Haiyeyuki: Mhadhara kuhusu Hali za Maada

Shikamooni wazee wangu. Wanangu, hamjambo? Walimu wenzangu, asanteni kwa kuacha Jumamosi yenu na kuja hapa.

Kabla sijafika mbali, naomba feni zizimwe. Najua joto la Dar es Salaam mwezi wa pili si la kuchezea, ila vumilieni kidogo. Yule kijana pale mlangoni ameshika chetezo, na sasa hivi anaweka kipande cha udi juu ya kaa la moto. Kila atakayesikia harufu anyooshe mkono, asiseme neno. Basi tuuache udi ufanye kazi yake, sisi tuendelee.

Nilipokuwa kidato cha kwanza nilikaririshwa kwamba yabisi ina umbo na ujazo wake, kimiminika kina ujazo lakini hakina umbo, gesi haina hili wala lile. Nikachora visanduku vitatu vya viduara, kila kiduara ni chembe moja ya kitu hicho: vya kwanza vimebanana, vya pili vimeachana kidogo, vya tatu vimetawanyika. Nikapata vema zangu. Miaka ikapita, nikawa mwalimu, nikawachorea wengine visanduku vilevile, mpaka siku moja binti wa kidato cha pili akaniuliza: "Mwalimu, barafu ikiyeyuka, na chembe zake zinayeyuka?" Nilikaa na chaki mkononi muda mrefu. Kumbe darasa zima lilikuwa linaamini hivyo, na mimi ndiye niliyewafundisha bila kuwaondolea imani hiyo.

Jibu ni kwamba chembe haiyeyuki. Chembe ya maji, ambayo huitwa molekuli, iliyomo ndani ya pande la barafu linalofunika samaki kule Feri, iliyomo kwenye kikombe chako cha chai, na iliyomo kwenye mvuke unaoinua mfuniko wa sufuria ni ileile: atomu 2 za haidrojeni zimeshikana na atomu 1 ya oksijeni. Molekuli moja peke yake hailowanishi, haigandi, haichemki. Hayo ni mambo ya kundi. Kinachobadilika ni namna chembe zinavyoshikana, nafasi iliyopo kati yake, na kasi ya mwendo wake. Ukilielewa hili moja, visanduku vitatu utavichora mwenyewe bila kukariri.

Na ni ndogo kiasi gani? Chukua tone moja la maji, lile la bomba lisilofunga vizuri. Ndani yake kuna molekuli kama 1.7 mara 10 kwa kipeo cha 21. Tukiligawa tone hilo kwa watu wote wa dunia, bilioni 8, kila mmoja, hata mtoto aliyezaliwa leo alfajiri, atapata molekuli zinazozidi bilioni 200.

Sasa njoo mbele, wewe mwenye shati la bluu. Shika bomba hili la sindano, sindano nimeitoa. Vuta hewa mpaka 20. Ziba tundu kwa kidole gumba, kisha sukuma. Mnaona? Limefika karibu na 10, na akiliachia linarudi lenyewe. Sasa vuta maji mpaka 20, toa mapovu yote, ziba, sukuma. Sukuma kwa nguvu zako zote! Halisogei. Asante, kaa hapohapo.

Kwenye hewa, kati ya chembe na chembe kuna nafasi kubwa. Ndani ya nafasi hiyo kuna nini? Nimeuliza swali hili madarasa mengi na jibu ninalopewa zaidi ni "hewa". Lakini hewa ndiyo hizo chembe! Kati yake hakuna kitu, ni utupu. Najua akili inakataa, na yangu ilikataa. Hata hivyo, kama pasingekuwa na utupu, kijana huyu angesukuma chembe ziende wapi?

Maji je? Maji yamegoma kwa sababu chembe zake tayari zinagusana. Hapa ndipo ninapogombana na michoro mingi ya darasani. Kile kisanduku cha pili, cha kimiminika, huchorwa viduara vimeachana achana, kana kwamba kimiminika kiko katikati ya yabisi na gesi. Sivyo. Fikirieni basi la mwendokasi la saa kumi na moja jioni likitoka Kivukoni: watu wamebanana bega kwa bega, lakini anayeshuka anapenya, mwingine anachukua nafasi yake. Hicho ndicho kimiminika. Chembe zimebanana karibu sawa na za yabisi, ila zinaweza kupishana. Kwenye yabisi kila chembe ina kiti chake. Inatikisika palepale na haihami. Uachano wa kweli unakuja kwenye gesi. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke kwa nyuzi 100 inajaza kiasi cha lita 1,700. Piga hesabu utaona kwamba umbali kati ya molekuli na jirani yake umekuwa kama mara 12.

Tena maji yana ukaidi wake. Yakiganda, molekuli zake hujipanga kwa mpango wenye uwazi ndani, kwa hiyo barafu inachukua nafasi zaidi, karibu asilimia 9. Ndiyo maana inaelea, na ndiyo maana chupa ya kioo iliyojaa maji ukiisahau kwenye friza unaikuta imepasuka. Vitu vingi hufanya kinyume chake: vikiganda vinasinyaa.

Naona mikono ya mstari wa mwisho imeanza kunyooshwa. Wa katikati bado. Mnaona mambo? Chembe za hewa humu ukumbini zinakwenda kasi ya karibu nusu kilomita kwa sekunde. Kwa mwendo huo ungetoka hapa ukafika Kibaha kabla dakika mbili hazijaisha. Kwa nini basi harufu ya udi inajikongoja hivi? Kwa sababu hakuna chembe inayokwenda moja kwa moja. Kila moja inagongana na wenzake mara bilioni kadhaa kwa sekunde, inapelekwa huku, inarudishwa kule. Na hata hicho mnachokisikia hakijaja kwa kugongana tu: hewa ya moto juu ya chetezo inapanda na kusukuma harufu. Bila msukumo huo tungesubiri mno.

Nani alithibitisha kwamba chembe zinahangaika hivyo? Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown aliona kwa hadubini vipande vidogo sana vilivyotoka kwenye chavua vikicheza ndani ya maji bila kutulia. Mwaka 1905 Albert Einstein akaonyesha kwa hesabu kwamba vinapigwa na molekuli za maji kutoka kila upande, bila usawa. Mfaransa Jean Perrin akapima, hesabu ikakubali, na mwaka 1926 akapewa Tuzo ya Nobel. Wanangu, ni juzi tu! Kabla ya hapo Wilhelm Ostwald, mkemia mkubwa wa Ujerumani, alikataa katakata kwamba atomu zipo. Vipimo vikamshinda, akakubali hadharani. Namheshimu sana kwa kukubali kule.

Turudi nyumbani. Glasi hii ya juisi ya ukwaju nimeitoa kwenye friji sasa hivi, na tayari imetoka jasho. Wapo wanaosema maji yamepenya kwenye kioo. Tufute kwa kitambaa cheupe. Mama, tafadhali waonyeshe wenzako: kuna rangi ya ukwaju? Hakuna. Maji haya yametoka hewani. Hewa yetu ya pwani imejaa mvuke, na chembe za mvuke zikigusa kioo cha baridi zinapoteza kasi, zinashindwa kukimbiana, zinashikana, linakuwa tone.

Mtungi wa udongo wa bibi unafanya kinyume. Maji yanapenya kidogo kidogo kwenye vitundu vya udongo na kukauka nje. Chembe zinazofanikiwa kuruka na kuondoka ni zile zenye kasi kubwa. Zinazobaki ni za mwendo wa pole, na maji ya chembe za pole ndiyo tunayoyaita ya baridi. Jasho la mwilini linatupoza hivyohivyo. Lakini mtungi huohuo ukiupeleka Dodoma kiangazi unapoza vizuri zaidi kuliko hapa Dar, kwa sababu hapa chembe zikiondoka, nyingine nyingi zinarudi kutoka kwenye hewa ambayo tayari imeshiba mvuke. Jasho letu linatiririka tu, halikauki.

Nina kiberiti cha gesi hapa, kile chenye plastiki ya kuonyesha ndani. Kiinamishe mbele ya mwanga: kimiminika kinatembea. Hiyo kwa sehemu kubwa ni butani, na butani inachemka karibu na nyuzi 0. Humu ndani tuko kwenye 30 na zaidi, mbona haichemki? Imefungiwa. Mgandamizo ndani ya kiberiti ni karibu mara tatu ya ule wa hewa ya nje, chembe zinalazimika kukaa pamoja. Ukibonyeza, zinapata upenyo, zinakuwa gesi papo hapo.

Mtungi wa gesi jikoni kwenu ni habari hiyohiyo kwa ukubwa mwingine. Utikise utasikia kimiminika. Lita moja ya kimiminika hicho ikivuja inakuwa zaidi ya lita 200 za gesi, na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, propani mara moja na nusu, butani mara mbili. Kwa hiyo inatambaa sakafuni na kujikusanya chini, mahali ambapo mtu aliyesimama anaweza asiisikie mapema. Ukisikia harufu, funga valvu, fungua milango na madirisha, usiguse swichi wala kiberiti. Nawasihi sana kina mama na kina baba, liwekeni hili moyoni.

Mikono imefika mpaka mstari wa tatu. Washeni feni sasa.

Kuna karatasi imeletwa mezani, mwandiko ni wa mtoto: "Je, chembe hazichoki?" Swali zuri kuliko mhadhara wangu wote. Mpira ukiuviringisha uwanjani unasimama kwa sababu mwendo wake unagawiwa kwa chembe za nyasi, za udongo na za hewa, nazo zinapata joto kidogo. Mpira una pa kuutoa mwendo wake. Chembe zenyewe zikigongana, moja ikipunguza nyingine inaongeza, na jumla inabaki palepale. Chini yao hakuna chembe nyingine ndogo zaidi za kupokea mwendo huo kama joto. Zitapunguza kasi ikiwa tu kilicho jirani nazo ni cha baridi zaidi. Hata ukishuka karibu kabisa na nyuzi 273 chini ya sufuri, ambako hakuna baridi zaidi ya hapo, bado mtikisiko mdogo unabaki.

Aliyeandika karatasi hii asimame nimwone. Ni wewe? Una miaka mingapi, mwanangu?