Mama alitaka aombewe, si asifiwe

Wapendwa, habari za huko nyumbani. Wazee wangu, shikamooni. Nimekuwa kimya kwenye chaneli na wengi mlishasikia sababu: Mama ametutoka, akiwa na miaka 92. Pole zenu zimenifikia, za maandishi na za sauti, na nimezisikiliza zote. Asanteni sana.

Sasa, wengi mmeniambia, "Usilie, Mama yuko mbinguni anakuombea." Nawaelewa, ni neno la faraja. Ila Mama mwenyewe angewakatiza hapo hapo. Alikuwa akituuliza, "Mkishanizika mkakaa mnanisifu, nani ataniombea?" Toharani, pale roho zinapotakaswa kabla ya kuingia mbinguni, kwake haikuwa hadithi ya katekisimu. Aliizungumzia kama safari iliyoko mbele na mizigo bado haijafungwa.

Misa ya mazishi niliifuata kwa simu. Padre alihubiri juu ya ufufuko, akamaliza, akaendelea na Misa. Nikaona shangazi mmoja amekunja uso, alitaka wasifu. Lakini mwongozo wa Misale, kitabu cha Misa, ndivyo unavyosema: mahubiri mafupi, na yasiwe hotuba ya kumsifu marehemu. Mama angemshukuru padre. Haya, mimi sipo altareni, kwa hiyo niacheni nimsimulie kidogo.

Alizaliwa mwaka 1933, Papa akiwa Pio wa Kumi na Moja. Papa Leo wa Kumi na Nne alipochaguliwa Mei 2025, Mama aliuliza jina, akaomba arudiwe taratibu, na jioni hiyo hiyo akamtaja kwenye rozari. Mapapa tisa! Na waliofariki alikuwa akiwaombea wote, hata Yohane Paulo wa Kwanza aliyekaa siku 33 tu mwaka 1978. "Huyo watu wanamsahau," alikuwa akisema.

Alikulia kwenye Misa ya Kilatini, na kufunga kula tangu saa sita usiku kabla ya Komunyo. Mwaka 1964 Paulo wa Sita akaupunguza mfungo uwe wa muda wa saa moja tu kabla ya Komunyo. Kanisa zima likashukuru, isipokuwa Mama. Hata uzeeni, chai yake ya Jumapili ilisubiri Misa. Padre alimweleza kwamba wazee na wagonjwa hawabanwi hata na hiyo saa moja, na kwamba maji na dawa havivunji mfungo. Alimsikiliza kwa adabu zote, akasema "Asante, Baba," na Jumapili iliyofuata kikombe kikafunikwa kama kawaida.

Msidhani alikuwa mbishi kwa kila kitu, lakini. Mwaka 2002 Yohane Paulo wa Pili alipoongeza kwenye rozari Matendo ya Mwanga, mafumbo matano ya kutafakari, Mama alikuwa na miaka 69 na Alhamisi zake zote zilikuwa za Matendo ya Furaha. Akachukua kipande cha kadi, akayaandika yote matano kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa: Ubatizo wa Yesu, arusi ya Kana, kutangazwa kwa Ufalme, kugeuka sura, Ekaristi. Kadi ikakaa ndani ya kitabu cha sala mpaka kingo zikawa laini kama kitambaa. Alishayajua kwa moyo zamani, na bado kila Alhamisi aliitoa.

Na Mpako wa Wagonjwa, hapo alinichekesha. Kizazi chake kiliuita mpako wa mwisho. Padre akija na mafuta, watu wanaanza kulia. Mafundisho ya baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, yakaeleza kwamba ni sakramenti ya mgonjwa, si ya anayekata roho tu, na mzee aliyedhoofika anaweza kuipokea. Mama alipoelewa, hakuipoteza nafasi. Alipakwa kabla ya upasuaji, akapakwa alipozidiwa, akapona tena, mpaka kaka yangu akawa anamtania kwamba mafuta ya parokia yanamwishia yeye.

Kwa hiyo mnaoniuliza mfanye nini, jibu langu ni hili: ombeni Misa kwa nia yake. Na kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, mkristo anayekwenda makaburini kwa ibada na kuwaombea marehemu anaweza kuwapatia rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu yote iliyobaki ya dhambi zilizokwisha kusamehewa. Si lazima liwe kaburi la Mama, makaburi yoyote yanafaa, na ndiyo maana hata mimi huku ughaibuni nitakwenda. Lakini kuna masharti: kuungama, kukomunika, kuombea nia za Baba Mtakatifu, na kuachana na dhambi.

Kitindamimba wetu, najua unatazama. Umesikia la kwanza? Kaungame, halafu ndiyo ununue maua.