Nchi Ndogo Kwenye Kiti Kikubwa

Ndugu mwenyekiti wa kikao, waheshimiwa, mabibi na mabwana, nashukuru kwa nafasi hii. Mada niliyopewa ni maandalizi ya nchi ndogo inayokaribia kushika uenyekiti wa jumuiya ya mataifa. Wengi wenu mmeshanisikia nikilia na jambo hili, na leo nitalia nalo tena, kwa sababu kila zamu inapokaribia swali la kwanza huwa ni lile lile: wageni watalala wapi? Mimi nauliza, makabrasha nani ameyasoma?

Mwaka 2011 Guinea ya Ikweta ilikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Ni nchi ndogo yenye mafuta. Ufukweni, nje kidogo ya Malabo, ilijengwa Sipopo: ukumbi wa mikutano, hoteli ya kifahari na majumba 52 ya kulaza marais. Mkutano wenyewe haukufika wiki mbili. Na mnakumbuka mwaka ule Libya ilikuwa katika hali gani: vita. Umoja wetu ulikuwa na mpango wake wa amani na kamati ya marais ya kuufuatilia, lakini mabomu ya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, yaliendelea kuanguka na mpango ukawekwa kando. Najua atasimama mtu hapa aniambie kwamba hata mwenyekiti angetoka nchi kubwa, NATO isingemsikiliza. Sawa, nakubali. Basi niambieni, katika lile jambo moja lililoiumiza Afrika mwaka ule, majumba 52 yalitusaidia nini?

Sasa niwapeleke Estonia. Watu milioni 1.3. Waliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, na uenyekiti wa zamu wa Baraza la Umoja ule, kikao cha mawaziri wa nchi wanachama, hukaa miezi sita tu. Zamu yao ya kwanza ilipangwa mwaka 2018, nyuma ya Uingereza. Uingereza ikapiga kura ya kujitoa, na Julai 2016 ikasema zamu yake haiitaki. Estonia ikavutwa mbele nusu mwaka, ianze tarehe 1 Julai 2017. Ikabakiwa na muda usiofika mwaka mzima.

Uenyekiti wa kule si kugonga rungu mbele ya kamera. Chini ya mawaziri kuna kamati na vikosi kazi zaidi ya 150, na vingi vyao vinaongozwa na maofisa wa nchi yenye zamu. Ofisa wa wizara ya kilimo wa Estonia anakaa mbele, Ujerumani kulia, Ufaransa kushoto, na wote wawili wanajua rasimu ile kipengele kwa kipengele. Asipoijua kama wao, kikao wanakiendesha wao. Ndiyo maana nasema maandalizi ni watu. Sekretarieti ya Baraza ipo na inasaidia, lakini haiwezi kumkalia mtu kitini.

Nataka mkitazame kikao kimoja, cha tarehe 20 Novemba 2017. Uingereza ikitoka, taasisi mbili zilizokuwa London lazima zihame: Wakala wa Dawa wa Ulaya na Mamlaka ya Benki ya Ulaya. Wakala wa Dawa peke yake una wafanyakazi kama 900. Miji 19 ikauomba. Kila nchi iliyoomba inautaka, kila waziri wake kaahidi nyumbani. Anayeongoza ni Matti Maasikas, naibu waziri wa Estonia. Raundi ya kwanza Milan inaongoza. Ya pili Milan inaongoza. Ya tatu Milan na Amsterdam zinabaki peke yao, kura 13 kwa 13. Kanuni zilishakubaliwa Juni, zamu ikiwa bado ya Malta, nchi nyingine ndogo: kura zikilingana, kura ya bahati. Maasikas akachagua karatasi. Amsterdam. Siku ile ile wakaja kwenye Mamlaka ya Benki, zikabaki Paris na Dublin, 13 kwa 13 tena, bahati tena, Paris.

Hebu lifikirieni hilo. Italia yenye watu milioni 60 inapoteza taasisi kubwa kwa karatasi iliyoshikwa na mkono wa nchi ambayo watu wake hawajai hata mji wa Milan. Italia ilikwenda mahakamani baadaye, na mwaka 2022 ikashindwa. Lakini siku ile kikao hakikuvunjika. Kwa nini? Kwa sababu kanuni zilikuwepo mapema, mezani, zimesomwa na wote. Na kwa sababu Tallinn, mji mkuu wa Estonia, haikuwa kwenye orodha ya miji inayogombea. Refa hakuwa na timu uwanjani. Hiyo ndiyo mali ya nchi ndogo, ndugu zangu, na hainunuliwi kwa saruji.

Mtaniambia hiyo ni Ulaya, sisi ni sisi. Haya, twende Komoro, majirani na ndugu zetu. Februari 2023 Rais Azali Assoumani alipokea uenyekiti wa Umoja wa Afrika kutoka kwa Macky Sall wa Senegal. Watu wakaguna: nchi isiyofika watu milioni moja iongoze nchi 55? Septemba mwaka ule ule, New Delhi, Umoja wa Afrika ukaingizwa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa duniani, na Waziri Mkuu wa India, Modi, akamkumbatia Azali na kumkaribisha kitini. Waliogunia udogo wakanyamaza. Ila tuseme ukweli wote: Macky Sall alikuwa ameshalipigania jambo lile mwaka uliotangulia. Komoro ilipokea faili lililokuwa linatembea na haikuliangusha. Hiyo pia ni kazi. Aprili Sudan ikaingia vitani, Julai jeshi likapindua serikali Niger, na mwaka mmoja wa uenyekiti wake ukaisha kabla lolote kati ya hayo halijatulia. Kwa hiyo anayeandaa zamu achague mambo mawili au matatu. Nikiona mpango wenye vipaumbele ishirini najua hakuna aliyekubali kumkatalia waziri mwenzake.

Naoneshwa saa. Nilitaka kuzungumzia lugha, nitasema tu kwamba mkalimani hamsaidii mwenyekiti kwenye mazungumzo ya korido, na makubaliano mengi hupatikana huko. Fedha naziruka. Kuhusu maofisa: msiwahamishe vituo zamu ikiisha. Mtu aliyeongoza kikosi kazi miezi sita anazijua simu za wajumbe wote, halafu anapelekwa wilayani kusimamia magari!

Wenzetu wa wizara mliopo hapa, kamati ya malazi mmeshaiunda, nimeiona barua yake. Orodha ya watakaoongoza vikao, majina na vikao vyao, itatoka lini? Nianze na jibu la hilo, kisha nitapokea maswali ya wengine.