Fidia ya Mtu Asiye na Hati ya Mshahara

Wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana wa boda boda, asanteni kwa kuacha kazi mkaja. Leo nataka tuzungumzie mtu anayejitafutia riziki bila mwajiri, akagongwa na gari. Mahakama itajuaje alikuwa akipata pesa ngapi?

Kampuni za bima hupenda kusema hana karatasi, basi hana mapato. Likataeni neno hilo. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua kesi ya familia ya seremala aliyefariki. Walalamikiwa walitaka vyeti na hati za mapato. Majaji wakakataa katakata. Walisema Wakenya wengi hawakusoma, hawaweki rekodi, lakini wanajipatia riziki kwa njia mbalimbali, na kuwadai hati tu ni kuwadhulumu. Ikakubalika kwamba marehemu alikuwa seremala na alipata kama shilingi 4,000 kwa mwezi.

Msidharau hizo 4,000. Kwa mwaka ni 48,000. Mahakama huzidisha kwa miaka inayoona marehemu angeendelea kufanya kazi, kisha, akiwa ameacha mke na watoto, mara nyingi huchukua theluthi mbili kuwa ndiyo sehemu iliyokuwa ikiwalisha. Kwa hiyo mama mboga, jirani yako wa kibanda ni shahidi. Kitabu cha chama cha kuweka akiba ni ushahidi. Taarifa ya M-Pesa pia.

Lakini huruma hiyo haifiki kwenye gharama za matibabu. Dawa, nauli, mikongojo: kila shilingi itajwe kwenye madai na ithibitishwe. Nimeona familia zilizouza ng'ombe kulipa hospitali, kisha zikakosa kurudishiwa kwa sababu risiti zilitupwa. Inauma sana, maana pesa hizo zilitoka kweli. Wekeni risiti pamoja na abstrakti ya polisi, yaani karatasi inayoonyesha ajali iliripotiwa, na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha.

Vijana, kubeba mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, na kuacha helmeti kunaweza kupunguza fidia yako, hata kama mwenye gari ndiye aliyekosea zaidi.

Na jamani, mgonjwa akiwa bado kitandani, mtu akileta fomu ya kumaliza madai pamoja na pesa kidogo, asitie sahihi. Mguu ambao leo umefungwa plasta huenda kesho ukahitaji upasuaji mwingine, na ukishatia sahihi, ni vigumu mno kurudi kudai. Hata bima yenyewe ina kikomo: kwa ajali za barabarani, sheria inaibana ilipe hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Zaidi ya hapo unamdai mwenye gari.

Muda wa kushtaki ni miaka 3. Likiwa gari la serikali, ni miezi 12 tu, na wengi huigundua tofauti hiyo mwezi wa kumi na tatu. Aliye na ajali ya gari la serikali asiondoke leo kabla hatujaonana.