Mfuko Mbadala: Kaboni Iko Kwenye Gramu, Ubovu Uko Kwenye Mkono

NEEMA: Karibuni tena. Leo tuko na mafundi na vikundi vya ushonaji vya Dodoma: ile mifuko mbadala ya kitambaa cha plastiki mnayoshona, inatoa hewa ukaa kiasi gani kabla haijafika Majengo sokoni? Kaka Yona, tuanzie wapi?

YONA: Kwenye mizani, dada. Chukua mfuko wa upana wa sentimita 35, kimo 40, kitako 10. Ukijumlisha mikono na mikunjo, unakula kama mita ya mraba 0.43. Kitambaa cha GSM 70 ni gramu 70 kwa mita ya mraba, kwa hiyo mfuko una gramu 30. Malighafi yake ni chembe za polipropilini, na kutengeneza kilo moja ya chembe hizo kunatoa takribani kilo 2 za hewa ukaa. Maana yake fundi hajashika mkasi, na gramu 60 za hewa ukaa zimeshatoka.

NEEMA: Na rambo, ule mfuko mwepesi wa plastiki uliopigwa marufuku Juni 2019?

YONA: Lilikuwa na gramu 6 hivi. Kwa hesabu ileile ni gramu 12. Wetu ni mara tano, na ukiongeza kuyeyusha, kubana kwa rola za moto na kushona, weka mara sita au saba. Mteja akiutumia mara mbili ukakatika, rambo limetushinda kwa upande wa kaboni. Mitaroni na tumboni mwa ng'ombe ni kesi nyingine.

NEEMA: Mbona mtandaoni watu wanasema mfuko wa kitambaa lazima utumike mara 7,100 ndipo uwe bora kuliko wa plastiki?

YONA: Hiyo ni ripoti ya Denmark ya 2018, na ni mfuko wa pamba. Walipima athari za aina nyingi wakachukua iliyo mbaya kuliko zote, ambayo ilikuwa tabaka la ozoni. Kwa tabianchi peke yake pamba ilipata 52. Uingereza, ripoti ya 2011, walipata 131 kwa pamba na 11 kwa kitambaa kama chetu. Ila mfuko wao huo ulikuwa na karibu gramu 116! Huwezi kuichukua ile 11 ukaibandika kwenye mfuko wa gramu 30.

NEEMA: Usafiri je? Kitambaa kinatoka Dar kwa lori.

YONA: Watu wanauogopa bure. Kilomita kama 450, lori kubwa linatoa takribani gramu 100 kwa kila tani kwa kila kilomita. Kwa mfuko mmoja ni gramu 1.4 hivi. Pesa ya mafuta inauma, kaboni yake ni ndogo. Kinachouma ni mkasi.

NEEMA: Hapo fafanua, maana vyumba vya kukatia vimejaa vipande.

YONA: Rola ya kitambaa ina upana wa sentimita 160. Fundi anataka kipande cha 40, anaongeza sentimita 3 za mshono, anakata 43. Vinatoka vitatu, jumla 129, inabaki 31. Hiyo ni karibu asilimia 19 ya kitambaa! Tengeneza patani yenye mshono ndani ya 40: vinatoka vinne, hakibaki kitu. Kama mteja anang'ang'ania 43, ile 31 ipange mapema iwe mikono, usiikate vipande vipande kwanza halafu ndiyo uanze kufikiria.

NEEMA: Na umeme?

YONA: Mota za zamani za clachi zinazunguka hata kama husho­ni. Wati 400, saa nzima, mifuko 20: ni uniti 0.02 kwa mfuko. Ukichukulia umeme wa gesi mtupu, kama nusu kilo kwa uniti, unapata gramu 10. Si kidogo ukilinganisha na zile 60. Mota ya savo inakula pale tu unapokanyaga.

NEEMA: Sasa mkono. Asilimia kubwa ya mifuko inayorudishwa, mwili bado ni mzima ila mkono umeng'oka.

YONA: Kwa sababu mshono ni mfupi mno. Kitambaa hiki hakijafumwa, kila tundu la sindano ni udhaifu. Ukiweka mshono wa milimita 2 umetoboa mstari wa kuchania, kama ule wa stempu. Weka milimita 3 hadi 4, sindano namba 14, uzi wa poliesta. Mkono ushuke sentimita 4 chini ya pindo, kisha shona boksi la 3 kwa 3 lenye msalaba katikati. Na usishone juu ya mshono uleule mara tatu ukidhani unaimarisha.

NEEMA: Kuna kitambaa kinaitwa 70 lakini kinachanika kama karatasi.

YONA: Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, upime kwa mizani ya sonara, zidisha kwa 100. Ukipata gramu 0.5, umeuziwa GSM 50. Ukipata 0.7 na bado kinachanika, huenda kuna unga wa chokaa uliochanganywa kuongeza uzito. Kirarue: kizuri kinavutika nyuzi kwanza, kibovu kinakatika ghafla na kuacha vumbi jeupe.

NEEMA: Na salfeti, yale magunia ya plastiki ya soko la mahindi la Kibaigwa?

YONA: Hapo mimi ndipo ninapopapenda. Salfeti iliyomaliza kubeba mahindi haihitaji chembe mpya hata moja. Kata kwa kisu cha moto ili kingo zisifumuke, kunja pindo mara mbili, sindano 16. Iliyobeba mbolea au dawa usiishone mfuko wa sokoni, hata ukiifua vipi.

NEEMA: Na zilizokaa juani?

YONA: Jua la hapa linaila polipropilini. Ikunje kona kwa nguvu, usugue kwa kidole gumba. Ikitoa vipande kama maganda, iache. Ikipita, shona mmoja wa mfano, weka kilo 10 za mchanga, uunyanyue kwa kushtua mara 50. Mkono ukilegea, rudi kwenye boksi kabla hujakata mwingine.