Uso wa Mwalimu, Mkono wa Mwanafunzi

Asanteni kwa kuja. Leo nina picha mbili ndogo tu, kila moja ina kimo cha sentimita 38 hivi. Zote zinamwonyesha Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, akiwa kijana wa miaka 23 au karibu na hapo, kavaa bamba la chuma shingoni kama askari. Moja iko jumba la makumbusho la Mauritshuis, The Hague, Uholanzi. Nyingine iko Nuremberg, Ujerumani.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba ya The Hague ndiyo ya Rembrandt mwenyewe, na ya Nuremberg ni nakala. Naamini ulaini ndio uliowavuta watu. Ile ya The Hague imetulia, haina vurugu. Ya Nuremberg imepakwa kwa kasi, na brashi imeacha alama kila ilipopita.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanahistoria wa sanaa Claus Grimm alishikilia kinyume chake. Kisha, mwishoni mwa muongo huo, picha ya The Hague ikachunguzwa kwa miale ya infraredi, ambayo hupenya rangi ya juu na kufichua michoro iliyo chini yake. Ikaonekana mistari makini iliyofuata mipaka ya sura. Rembrandt hakuwa na desturi hiyo. Aliitafuta sura kwa brashi yenyewe, akiweka na kubadilisha. Anayehitaji mistari ya namna ile ni mtu aliye na picha nyingine mbele yake, anayeinakili.

Hapa naomba tutue kidogo, maana ndipo wengi tunapoteleza. Tukiuona uso wa Rembrandt, tunadhani tumeuona na mkono wake. Lakini katika karakana za Uholanzi za karne ya 17, wanafunzi walijifunza kwa kunakili kazi za mwalimu, na sura yake pia ilikuwa somo. Gerrit Dou aliingia karakana ya Rembrandt, Leiden, mwaka 1628, akiwa na miaka 14. Simtaji kama mshukiwa. Namtaja ili mkumbuke kwamba chumba kile kilikuwa na mikono zaidi ya miwili. Hata sahihi haimalizi ubishi, kwa sababu mwalimu aliweza kuuza kazi ya mwanafunzi kwa jina lake.

Ndiyo maana mimi huwa sianzi na macho. Mwenye kunakili huyachunga macho kuliko kitu chochote. Nimeziweka zote mbili kwenye skrini: tazameni kwanza nywele za juu ya paji la uso, kisha kivuli cha shavuni.