Presha Ipo, Nguvu Haipo: Kutafuta Nguvu Iliyopotea kwenye Gari la Tabo

Ndugu mafundi, na ninyi wenye magari mliokuja kusikiliza, asanteni kwa kufika. Leo tunazungumzia gari la petroli lenye tabo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa ndani ya injini) ambalo limeshafanyiwa mabadiliko: tabo kubwa kuliko ya kiwandani, nozeli kubwa, intakula (rejeta ya kupoza hewa ya tabo) pana, ekzosi iliyofunguliwa, na kompyuta iliyoandikwa upya. Lilikuwa linavuta, sasa halivuti. Mwenye gari anasema geji ya tabo bado inapanda hadi baa 1 kama zamani, kwa hiyo kosa liko kwenye programu. Hapo ndipo kazi inapoharibika, maana fundi anaingia kwenye kompyuta kabla hata hajafungua boneti.

Geji ya tabo haipimi hewa inayoingia kwenye silinda. Inapima msukumo ndani ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), na msukumo huo unaweza kuwa uleule huku hewa yenyewe imepungua uzito. Injini inatengeneza nguvu kwa uzito wa hewa. Joto la hewa likipanda kutoka nyuzi 30 hadi 60 za Selsiasi, kwa presha ileile mmepoteza karibu asilimia 9 ya hewa, na mshale wa geji haujasogea. Kompyuta nayo ikiona joto hilo inachelewesha cheche kuilinda injini, na nguvu inapungua mara ya pili. Kwa hiyo kila kifaa mtakachokishika leo, kiulizeni: unapima nini hasa?

Anzeni kwa kurekodi. Tafuteni daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari) au uwanja uliofungwa, injini iwe imepata moto, wekeni gia ya tatu au ya nne, kisha kanyageni mafuta hadi mwisho kuanzia mizunguko 2,500 mpaka karibu na kikomo. Rekodini presha, joto la hewa, kiasi cha hewa, mchanganyiko wa hewa na petroli, taimingi ya cheche na presha ya mafuta. Halafu rekodini kitu ambacho wengi wanakisahau: nafasi ya pedeli na nafasi ya throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini), kila moja peke yake. Kwenye throto ya umeme mnaweza kukuta pedeli inasoma asilimia 100 na throto asilimia 45. Hapo kompyuta ndiyo inayoibana injini, kwa sababu presha imepita kikomo, joto limezidi, au mvuto (nguvu ya kuzungusha, yaani toki) umevuka kiwango kilichoandikwa. Someni kodi za hitilafu kabla ya kununua kipuri chochote.

Kama gari lina sensa ya kupima hewa, zidisheni gramu kwa sekunde kwa 1.25 mpate makadirio ya nguvu farasi za injini. Gramu 220 zikishuka hadi 180, mmetoka karibu farasi 275 hadi 225. Ni makadirio tu, lakini yanawaambia kwamba tatizo liko upande wa hewa, si wa cheche.

Upande wa hewa, kosa linaloongoza kwenye magari yaliyobadilishwa ni kuvuja baada ya tabo. Kila bomba lililoongezwa limeleta mpira wa silikoni na klipu mbili, na mvuke wa mafuta ya injini unaulainisha mpira huo mpaka unateleza. Kwa macho hamtauona. Tengenezeni kizibo cha kukaa kwenye mdomo wa tabo upande wa filta: kipande cha bomba kilichozibwa, chenye valvu ya tairi katikati. Zibeni bomba la kupumulia injini linalorudi kwenye mdomo huo, la sivyo hewa itaingia kwenye kasha la krenkishafti na kusukuma sili za mafuta. Injini ikiwa imezimwa, ingizeni hewa ya kompresa kupitia kidhibiti cha presha. Anzeni na baa 0.3, sikilizeni, kisha pandeni taratibu hadi presha ambayo gari linatumia, msizidi. Msisimame mbele ya maungio, kwa sababu bomba likichomoka linarushwa kwa nguvu ya kuvunja mkono.

Nyunyizeni maji ya sabuni kwenye kila ungio, valvu ya kutolea hewa, gasketi ya manifoldi, sili za nozeli, na mistari ya kulehemu ya intakula. Mkisikia hewa inatokea kwenye ekzosi, huenda silinda moja imesimama na valvu zake zote mbili ziko wazi kidogo. Zungusheni krenkishafti kidogo kwa spana, mpime tena.

Sasa tazameni jinsi uvujaji mmoja unavyoonekana tofauti kwenye magari mawili. Gari lenye sensa ya kupima hewa limeshaihesabu hewa kabla haijatoroka, kwa hiyo kompyuta inamimina petroli ya hewa ambayo haipo tena: moshi mweusi, plagi zenye masizi. Gari linalosoma presha ya manifoldi peke yake litakuwa na mchanganyiko ulio sawa, ila tabo inazungushwa kwa kasi zaidi kufidia, hewa inatoka ya moto, na presha inachelewa kupanda. Geji? Baa 1 palepale.

Presha isipofika kabisa, chunguzeni westigeti (mlango unaopitisha moshi kando ya tabo ili presha isizidi). Chomoeni mpira wake, unganisheni pampu ya mkono yenye geji, na muangalie mkono wa aktueta (kifaa kinachoufungua mlango huo) unaanza kusogea kwa presha gani. Ukisogea mapema kuliko springi ilivyopangwa, au presha ikishuka yenyewe kwa sababu kiwambo kimetoboka, mmepata jibu. Ufa kwenye manifoldi ya ekzosi unachelewesha tabo vilevile, na masizi yatawaonyesha mahali.

Cheche inastahili muda wetu zaidi, kwa sababu ndiyo inayowadanganya hata mafundi wazuri. Mwanya wa plagi wa milimita 1.1 unatosha kwenye injini isiyo na tabo. Ukipandisha presha, hewa ndani ya silinda inakuwa nzito na umeme unashindwa kuruka. Injini inakatakata inapovuta kwa nguvu, hasa karibu na kilele cha mvuto. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi haipimi petroli, inapima oksijeni. Silinda isipowaka, oksijeni yake yote inatoka nzima, na sensa inasema mchanganyiko ni mkavu, yaani petroli haitoshi. Fundi anaongeza petroli, plagi zinalowa, hali inazidi kuwa mbaya. Kabla ya kuongeza hata tone, punguzeni mwanya hadi milimita 0.7, mrudie kipimo.

Mkishazitoa plagi, zishikeni kwenye mwanga mkali. Mstari mwembamba mweusi unaoteremka kwenye kauri nyeupe ni njia ambayo umeme umejipitishia nje ya plagi. Badilisheni plagi pamoja na mpira wa koili. Vitone vidogo vinavyong'aa kwenye kauri ya ncha ni alumini ya pistoni, maana yake injini imekuwa ikigonga, yaani petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda. Acheni kulikimbiza gari hilo mara moja.

Mchanganyiko ukiwa mkavu kweli, pimeni presha ya mafuta. Kwenye mfumo ambao regyuleta yake (kidhibiti cha presha ya mafuta) inafuata presha ya manifoldi, msingi ukiwa baa 3, basi tabo ikisukuma baa 1 reli ya nozeli lazima isome baa 4. Ikishuka hapo mwisho wa mizunguko, pimeni volti kwenye soketi ya pampu yenyewe, injini ikiwa na mzigo. Inatakiwa ikaribie volti 13.5. Mkikuta 11, waya wa kiwandani haubebi pampu kubwa, na pampu mpya haitasaidia. Kwa petroli, chini ya mzigo mkubwa, magari mengi ya tabo hupangwa kati ya lamda 0.78 na 0.82 (lamda 1 ni mchanganyiko sawia, chini ya hapo petroli ni nyingi).

Haya yote yakiwa safi, pimeni mgandamizo: injini ya moto, throto wazi, koili na nozeli zimechomolewa, betri imejaa. Silinda zisitofautiane zaidi ya asilimia 10 hadi 15. Zote zikiwa chini kwa usawa, na mkanda wa taimingi ulibadilishwa karibuni, hesabuni meno, huenda mkanda umefungwa jino moja pembeni.

Kuna swali limeletwa hapa mbele: gari limepimwa kwenye daino mbili tofauti, ya pili ikaonyesha nguvu kidogo, je limeharibika? Daino mbili hazilinganishwi. Rudini kwenye daino ileile, gia ileile, upepo wa matairi uleule, na mtazame kwanza joto la hewa la siku zote mbili. Kama daino ya pili iko mwinukoni, kwenye mita 1,500 hewa ya nje ina takriban milibaa 845 badala ya 1,013. Baa 1 ya geji juu ya hapo inatoa jumla ya baa 1.85, huku usawa wa bahari ingetoa 2.01. Hiyo ni asilimia 8, na hakuna kipuri kilichoharibika.